Nani Anastahili Nyota? Watumbuizaji wa Uingereza na Heshima ya Kuandikwa Barabarani

Njia ya nyota ni sehemu ya barabara, aghalabu ya waenda kwa miguu, ambayo sakafu yake imepachikwa mabamba au mawe yenye majina ya waigizaji, waimbaji, wachekeshaji na watangazaji, ili kila apitaye awakumbuke. Mashuhuri zaidi duniani ni ile ya Hollywood nchini Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1960 ikiwa na majina 1,558, lakini Uingereza nayo imejenga njia za namna hiyo katika miji yake kadhaa, na kila ilipojenga ililazimika kwanza kujibu swali moja, nalo ni nani aingie na nani aachwe. Swali hilo huonekana jepesi kwa kuwa linahusu burudani, ilhali ni zito, maana anayeandika jina la mtu katika ardhi ya umma anatoa hukumu kwa niaba ya wakazi wa leo na ya watoto ambao bado hawajazaliwa, na jamii hujulikana tabia yake kwa watu inaowatukuza kama inavyojulikana kwa sheria inazojiwekea.

Jaribio la kuwakusanya watumbuizaji wa Uingereza nzima mahali pamoja lilifanyika London mwaka 2005 katika eneo la Covent Garden, ambako nyota 100 za mwanzo zilipachikwa nje ya Kanisa la St Paul na kuzinduliwa kwa shamrashamra zilizooneshwa kwenye televisheni. Mahali palichaguliwa kwa busara, kwa sababu kanisa hilo, lililosanifiwa na Inigo Jones katika karne ya 17, limezungukwa na majumba ya tamthilia na kwa vizazi vingi limekuwa likiitwa kanisa la waigizaji. Hata hivyo njia hiyo haikudumu; nyota ziliondolewa baada ya muda mfupi, na mgeni anayezitafuta leo hakuti kitu. Linalostahili kutafakariwa ni kwamba ndani ya kanisa lilelile, hatua chache tu kutoka pale, kuta zimesheheni vibao vya kumbukumbu vya watu wa jukwaa, miongoni mwao Charlie Chaplin, Noël Coward na Vivien Leigh, na majivu ya Ellen Terry, mwigizaji aliyetamba tangu enzi ya Malkia Victoria, yamehifadhiwa humo hadi leo. Vibao hivyo viliongezeka kwa miaka mingi, kimoja baada ya kingine, kadiri watu wa fani walivyofariki na wenzao kuona haja ya kuwakumbuka, wala havikuhitaji kamera ili vipate maana.

Kasoro ya msingi ya mpango wa 2005 ilikuwa katika kipimo chenyewe. Kuwateua watu 100 kutoka nchi nzima, katika fani zote na zama zote, kwa mkupuo mmoja, ni kuweka kwenye mizani moja vitu visivyopimika pamoja: mwigizaji aliyetumia maisha yake katika tamthilia za Shakespeare, mchekeshaji wa televisheni anayependwa msimu huu, bendi ya roki, na mwimbaji wa majumba ya burudani ya karne ya 19 ambaye hakuna aliye hai aliyewahi kumsikia. Kamati ikikabidhiwa kazi kama hiyo hujikuta inakimbilia jina linalovuma, kwa sababu ndilo pekee ambalo wajumbe wote wanalijua, na hapo orodha huwa kioo cha mwaka ilipotungwa badala ya kuwa kumbukumbu ya sanaa ya taifa. Umaarufu wa jina ni jambo la kupimika, na televisheni hulipima kila usiku kwa idadi ya watazamaji, lakini stahili ni jambo jingine, na hoja ya mazungumzo haya ni kwamba anayestahili kuandikwa ni yule ambaye kazi yake imebadilisha namna watu wa mahali fulani wanavyocheka, wanavyoimba au wanavyozungumza, na ambaye mabadiliko hayo yangali yanaonekana baada ya shangwe kutulia.

Hollywood haitoi mfano mwema katika jambo hili, ingawa ndiyo inayoigwa. Huko anayependekezwa, au wakala wake, lazima kwanza akubali kwa maandishi, akishateuliwa ahudhurie sherehe, na ada ya makumi ya maelfu ya dola ilipwe, kwa kawaida na kampuni ya filamu au ya muziki ambayo inakuwa na kazi mpya ya kutangaza. Si kusema kwamba nyota za huko zinauzwa, kwa kuwa kamati hukataa wengi, ila ni vigumu kuitenganisha heshima na biashara pale ambapo mwenye mfuko ndiye anayefungua mlango. Isitoshe, mwanzo wa njia hiyo una doa linalowahusu Waingereza moja kwa moja. Chaplin, aliyezaliwa London mwaka 1889 katika ufukara mkubwa na ambaye pengine hakuna mtu wa karne ya 20 aliyechekesha mataifa mengi kuliko yeye, aliachwa nje mwaka 1960 kwa sababu ya tuhuma kuhusu siasa na maisha yake binafsi, miaka minane baada ya serikali ya Marekani kumfutia kibali cha kurudi nchini humo. Nyota yake ilipachikwa mwaka 1972, aliporejea kupokea tuzo ya heshima ya Oscar akiwa mzee wa miaka 82. Kamati iliyoweza kuwaandika watu zaidi ya 1,500 bila kumwona Chaplin ilikuwa inapima kitu kingine, si sanaa.

Birmingham ilichagua njia nyembamba zaidi, na ikafanikiwa zaidi. Mwaka 2007 jiji hilo lilianza kupachika nyota katika barabara ya Broad Street kwa ajili ya watu wenye uhusiano na jiji lenyewe na viunga vyake, na wa kwanza akawa Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath, aliyezaliwa mwaka 1948 na kukulia katika kitongoji cha wafanyakazi cha Aston. Uteuzi huo una mantiki isiyohitaji utetezi mrefu. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1968 na vijana wanne wa jiji la viwanda, Osbourne mwenyewe akiwa amewahi kufanya kazi machinjioni, na mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha bati, akalazimika kujitengenezea vifuniko vya vidole na baadaye kulegeza nyuzi za gitaa ili ziweze kubonyezwa bila maumivu. Mlio mzito uliotokana na ulegezaji huo ukawa msingi wa tawi zima la muziki linaloitwa hevi metali, ambalo leo linapigwa kuanzia Finland hadi Brazil. Kwa maneno mengine, kiwanda cha Birmingham kimo ndani ya muziki wenyewe, na mtu anayeuliza kwa nini jina la Osbourne liko Broad Street anajibiwa na jiji zima. Alipofariki Julai 2025, wiki chache tu baada ya tamasha lake la mwisho katika uwanja wa Villa Park, msafara wa mazishi ulipita barabara hiyohiyo na kusimama kwenye daraja lililopewa jina la bendi yake, mbele ya maelfu ya wakazi walioleta maua. Hakuna kamati inayoweza kuamuru watu walete maua, na kwa sababu hiyo ushahidi huo una uzito kuliko kura yoyote ya wataalamu.

Kipimo cha mahali, hata hivyo, huzua swali la pili: uhusiano na mahali unapatikana kwa kuzaliwa au kwa kufanya kazi? Bob Hope alizaliwa Eltham, London, mwaka 1903, akahamishiwa Marekani akiwa mtoto, na uchekeshaji wake wote ni wa Kimarekani. Cary Grant alizaliwa Bristol, akaondoka akiwa kijana, na mji huo umemjengea sanamu. Kwa upande mwingine wapo waliozaliwa mbali na kuja kuiumba burudani ya Uingereza kutoka ndani, na hapa Afrika Mashariki ina sehemu yake. Mwimbaji Roger Whittaker alizaliwa Nairobi. Gurinder Chadha, mwongozaji wa filamu ya Bend It Like Beckham ya mwaka 2002, alizaliwa Nairobi, na Kulvinder Ghir, mmoja wa waigizaji wanne wa Goodness Gracious Me, alizaliwa hukohuko. Kipindi hicho cha vichekesho, kilichoanza kwenye redio ya BBC mwaka 1996 na kuhamia televisheni mwaka 1998, kiliwageuza Waingereza wenye asili ya Asia kutoka kuwa watu wanaochekwa na kuwa watu wanaochekesha kwa masharti yao wenyewe, na kwa kipimo kilichotajwa hapo juu, yaani kubadilisha namna watu wanavyocheka, ni vichache vinavyokifikia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwimbaji Freddie Mercury. Alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta ambao asili yao ni Uajemi na waliokaa India kwa karne nyingi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Mercury alisomeshwa India, na baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 familia ilihamia Feltham, magharibi mwa London. Zanzibar ina haki ya kumdai kwa kuzaliwa, na makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2019. Lakini madai ya Feltham si dhaifu kwa sababu hiyo, kwani sauti iliyojaza viwanja ilipata bendi yake, wasikilizaji wake na ujasiri wake Uingereza. Mwaka 2009 nyota ya jiwe ilizinduliwa katika barabara kuu ya Feltham, mama yake mzazi akiwapo, na mwaka 2016 kibao cha buluu kikawekwa kwenye nyumba ndogo waliyokuwa wakiishi. Uamuzi wa haki, basi, ni kwamba kazi itangulie kuzaliwa. Mtumbuizaji ni wa watu aliowatumbuiza, na pasipoti yake ni habari ya maofisa wa uhamiaji.

Vibao vya buluu vilivyotajwa hivi punde vinafundisha jambo ambalo njia za nyota hulisahau. Ni vibao vya mviringo vinavyobandikwa kwenye majengo ya London ambamo watu mashuhuri waliishi au kufanya kazi, mpango ulioanzishwa mwaka 1866 na ambao tangu mwaka 1986 unasimamiwa na shirika la urithi wa kihistoria la English Heritage. Sharti lake kuu ni kwamba miaka 20 ipite tangu mtu afariki. Sharti hilo linaonekana kali mpaka mtu akumbuke yaliyotokea kwa Jimmy Savile, mtangazaji aliyekuwa kipenzi cha watoto na wazazi kwa miongo kadhaa, akapewa cheo cha heshima na Malkia, na kuzikwa mwaka 2011 kama shujaa. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba alikuwa amewadhulumu kingono watoto na watu wazima kwa miaka mingi, wengine wakiwa wagonjwa hospitalini. Jiwe la kaburi lake lililosimamishwa Septemba 2012 liliondolewa Oktoba ya mwaka huohuo. Liverpool ilipatwa na jambo la namna hiyo katika ukuta wa klabu ya Cavern, ambako majina ya wanamuziki waliowahi kupiga hapo yamechongwa kwenye matofali, moja kwa kila jina: matofali ya Gary Glitter na Rolf Harris yalitolewa baada ya wote wawili kutiwa hatiani kwa makosa ya kingono. Waliodhurika katika visa hivi waliishi miaka mingi wakiona jina la aliyewadhulumu likishangiliwa hadharani, na maumivu hayo ni hoja tosha ya kutofanya haraka. Wahenga waliosema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji waliogopa sifa imharibu msifiwa, lakini hapa aliyeharibiwa na sifa ni asiyesifiwa, aliyenyamazishwa nayo.

Pamoja na hayo, haifai kuwasubiri wote wafe. Msanii akiheshimiwa na watu wa mji wake angali hai hupata malipo ambayo hakuna mrabaha unaoyafikia, na Osbourne aliipokea nyota yake kwa mikono yake mwenyewe. Lililo jema ni kutenganisha ngazi mbili: mji umwandike mtu wake hata akiwa hai, ukijua kwamba unaweza kukosea na ukiwa tayari kusahihisha, ilhali heshima ya taifa zima isubiri mpaka mchango wake uwe umepita katika mikono ya kizazi kisichomjua binafsi. Mpango wa Covent Garden uliruka ngazi ya kwanza na kuikimbilia ya pili.

Kazi bora kuliko zote za aina hii nchini Uingereza haina nyota hata moja. Iko Blackpool, mji wa pwani ya kaskazini-magharibi, mbele ya mnara uliofunguliwa mwaka 1894, nayo ni zulia la mawe lenye ukubwa wa mita za mraba 2,200, lililobuniwa na msanii Gordon Young pamoja na wabunifu wa maandishi, likazinduliwa Oktoba 2011 na mchekeshaji Ken Dodd. Herufi zaidi ya 160,000 za granaiti, jiwe gumu lisilolika upesi, zimepachikwa katika saruji kutaja majina ya wachekeshaji na waandishi wao zaidi ya 1,000, pamoja na mizaha yao na zile kauli fupi ambazo kila mmoja wao alizirudia jukwaani mpaka zikawa mali ya umma. Mahali penyewe panastahili, kwa kuwa tangu reli ilipowafikisha pwani wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire katika likizo zao za mwaka, Blackpool ilikuwa shule na mahakama ya wachekeshaji. Aliyeshindwa kuwachekesha watu hao, waliolipa tiketi kwa jasho la mwaka mzima, alijua hukumu yake usiku uleule.

Ubora wa zulia hilo unatokana na mambo mawili. La kwanza ni kwamba linaandika kazi, si jina tupu, hivyo anayepita asiyemjua Tommy Cooper wala Les Dawson anasoma, anacheka, na katika kucheka anajua kwa nini jina liko pale. La pili ni kwamba linawakumbuka waandishi. Kipindi cha Krismasi cha mwaka 1977 cha wachekeshaji Eric Morecambe na Ernie Wise kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 20, na Morecambe ana sanamu katika mji wa kwao, lakini mtu aliyewaundia ule uhusiano wao wa televisheni, wa marafiki wawili wanaogombana na kupendana, alikuwa Eddie Braben wa Liverpool, ambaye watazamaji wengi hawakuwahi kuiona sura yake. Orodha yoyote ya wanaostahili inayoishia kwenye sura zinazoonekana imewadhulumu nusu ya watenda kazi.

Redio nayo imedhulumiwa hivyohivyo. Tommy Handley, mzaliwa wa Liverpool, aliongoza kipindi cha vichekesho cha BBC kilichoitwa ITMA kuanzia mwaka 1939, na katika miaka ya vita, miji ikiwa inapigwa mabomu na taa za barabarani zimezimwa, kauli za wahusika wake zilisemwa viwandani, kwenye mahandaki na ndani ya meli za kivita. Alipofariki Januari 1949 kipindi kilikufa pamoja naye, kwa sababu hakuna aliyeweza kufikiriwa kushika nafasi yake, na ibada ya kumkumbuka ilifanyika katika Kanisa Kuu la St Paul jijini London, si lile la Covent Garden bali lile walikoagwa majemadari. Wachache leo wanaweza kumtaja. Njia ya nyota iliyo na wajibu inapaswa kuwatafuta watu wa namna hii, waliofanya kazi kwa sauti na kutoweka na hewa iliyoibeba, badala ya kuwaongezea taa wale ambao tayari wanamulikwa.

Liko pia suala la sakafu yenyewe, ambalo wasikilizaji wa Kiswahili watalielewa bila kufafanuliwa sana. Mwaka 2002 bondia Muhammad Ali alipopewa nyota Hollywood, alikataa iwekwe chini, kwa kuwa alibeba jina la Mtume na hakutaka likanyagwe na watu. Nyota yake ikabandikwa ukutani, na iko hapo hadi leo. Pingamizi lake lilikuwa la imani, lakini lina mafunzo hata kwa wasioishiriki. Katika miji ya Uingereza ya leo, yenye Waislamu wengi wakiwemo wachekeshaji na waimbaji, anayeandaliwa heshima anapaswa kuulizwa kama kwake hiyo ni heshima, na ukuta uwe tayari kumpokea anayeona sakafu ni dharau.

Ikiwa vipimo hivi, yaani kazi iliyobadilisha watu, uhusiano wa kweli na mahali, muda uliopita na ubavu wa kumtafuta aliyesahauliwa, vitawekwa pamoja, jina mojawapo litakalojitokeza mapema ni la Winifred Atwell. Alizaliwa Trinidad, akasomea famasia, akaenda London kujifunza piano katika chuo cha Royal Academy of Music, na katika miaka ya 1950 akawa mmoja wa wanamuziki waliouza santuri nyingi zaidi nchini humo. Kwa muziki wa kitaalamu alitumia piano kubwa ya tamasha. Kwa nyimbo za kuchangamsha aliketi kwenye piano kuukuu iliyonunuliwa katika duka la vitu chakavu huko Battersea, ambayo ulegevu wa nyuzi zake ulikuwa sehemu ya raha. Desemba 1954 alifika kileleni mwa chati ya muziki ya Uingereza, akiwa mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo, katika miaka ambayo wahamiaji kutoka Karibi walikuwa wakifungiwa milango ya nyumba za kupanga jijini London. Baadaye alihamia Australia, akafariki huko mwaka 1983. Rekodi yake ya Black and White Rag ilifanywa muziki wa kufungulia kipindi cha BBC cha mchezo wa snuka kilichoanza mwaka 1969, na mamilioni ya Waingereza wanaoweza kuuimba mdundo huo kwa midomo tangu mwanzo hadi mwisho hawajawahi kuambiwa ni vidole vya nani vilivyoupiga.